Kubeba au Kurusha? Historia ya Mgogoro wa Ada kati ya Televisheni za Kulipia na Vituo vya Utangazaji vya Nchini

Utangulizi

Mgogoro unaojadiliwa katika mhadhara huu waweza kuonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa shauri la wafanyabiashara na wanasheria tu. Kampuni inayouza huduma ya televisheni kwa njia ya setilaiti huchukua chaneli ya kituo cha nchini, huipeleka kwa wateja wake na kuwatoza malipo ya kila mwezi. Kituo huuliza: kwa ridhaa ya nani? Kampuni nayo huuliza: kwa hasara ipi? Kituo hudai kilipwe, maana chaneli yake ndiyo inayowavuta wateja. Kampuni hujibu kwamba anayefaidika ni kituo chenyewe, kwa kuwa kinafikishwa mahali ambapo mnara wake haufiki. Wasipoafikiana, picha hukatika, na mtazamaji aliyekwisha kulipa hubaki akikodolea kioo cheusi.

Hata hivyo, ukifuatiliwa tangu ulipoanza Marekani hadi ulipofika Kenya na Tanzania, mgogoro huu unadhihirisha jambo ambalo ni la msingi kwa mwanafunzi wa lugha. Mara kwa mara mahakama na mamlaka za mawasiliano zililazimika kujibu swali la maana ya kitenzi kabla ya kufikia swali la fedha. Kampuni ya setilaiti hutenda tendo gani? Je, hubeba tu mzigo wa mwenyewe, kama afanyavyo mchukuzi, au huyarusha matangazo hayo upya, kwa jina lake na kwa faida yake? Anayebeba hana haja ya kuwa na haki juu ya mzigo, bali hustahili ujira. Anayerusha upya hana budi kuomba ridhaa, na pengine kulipa. Katika Kiswahili vitenzi hivi viwili bado vinatumiwa kwa kubadilishana, na mhadhara huu unadai kwamba hali hiyo haifai kuendelea.

Marekani: tendo lililotafutiwa jina

Televisheni ya kebo ilianza nchini Marekani mnamo 1948, katika miji midogo ya majimbo kama Pennsylvania na Oregon, ambako milima au umbali viliyazuia mawimbi ya vituo vya mijini. Mtu alisimamisha antena mahali pa juu, akavuta waya hadi majumbani, akatoza ada. Vituo havikulalamika sana mwanzoni, kwa kuwa vilikuwa vikiongezewa watazamaji bila gharama. Malalamiko yalikuja baada ya kebo kukua na kuwa biashara kubwa.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 ilikuwa imekwisha kukataza kituo kimoja cha utangazaji kurusha matangazo ya kituo kingine bila ridhaa. Lakini je, kampuni ya kebo ilikuwa kituo cha utangazaji? Mwaka 1968, katika shauri la kampuni ya Fortnightly iliyokuwa na mitambo yake West Virginia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya wakati huo, kampuni ya kebo haikuwa ikionyesha kazi za watu hadharani. Ilikuwa ikimsaidia mtazamaji kupokea, mfano wa antena ndefu kuliko ya jirani. Mwaka 1974 mahakama hiyo ilishikilia msimamo huohuo katika shauri la Teleprompter. Bunge ndilo lililobadilisha mambo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1976 ilitamka kwamba tendo la kebo ni kuonyesha kazi hadharani, kisha ikaweka leseni ya lazima na malipo maalumu.

Hatua kubwa zaidi ilifuata mwaka 1992, Bunge lilipopitisha sheria mpya ya televisheni ya kebo. Sheria hiyo ilikipa kila kituo cha biashara hiari ya kuchagua, kila baada ya miaka mitatu, mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni sharti la kubeba: kampuni ya kebo hulazimika kukibeba kituo, na kituo hakidai malipo. Njia ya pili ni ridhaa: kampuni haiwezi kukibeba mpaka ipate kibali chake, na kibali hicho huweza kuuzwa. Kwa hiyo sheria moja ilikubali maana zote mbili za tendo lilelile, ikamwachia mwenye kituo kuchagua ile inayomfaa. Kituo kidogo chenye watazamaji wachache kilichagua kubebwa. Kituo chenye mchezo wa mpira na tamthilia za jioni kilichagua kuombwa ridhaa.

Katika duru ya kwanza ya mwaka 1993, kampuni kubwa za kebo zilikataa kulipa fedha taslimu. Baadhi ya mitandao ilikubali kulipwa kwa njia nyingine, yaani kupewa nafasi ya kuanzisha chaneli mpya; ESPN2 na FX zilipata njia kutokana na mapatano ya namna hiyo. CBS, iliyodai fedha, iliondoka mikono mitupu.

Setilaiti na kugeuka kwa malipo

Ushindani ndio uliogeuza mizani. DirecTV ilianza kutoa huduma mwaka 1994, na Dish ya kampuni ya EchoStar mwaka 1996. Sasa mtazamaji aliyekosa chaneli yake katika kebo aliweza kuhamia kwenye ungo. Sheria ya mwaka 1999 iliziruhusu kampuni za setilaiti kupeleka vituo vya mji kwa wakazi wa mji huohuo. Kuanzia Januari 2002 ziliwekewa sharti kwamba zikibeba kituo kimoja cha eneo kwa kibali hicho, basi zibebe vyote vya eneo hilo vinavyoomba. Tangu hapo vituo vilikuwa na wanunuzi wengi wa ridhaa yao, na bei ikapanda.

Picha zilizokatika ndizo zinazoonyesha historia ya bei hiyo. Mei 2000, Time Warner iliondoa vituo vya ABC kwa siku moja na nusu hivi katika mamilioni ya nyumba. Machi 2004, EchoStar na Viacom walivutana kwa takriban siku mbili. Agosti 2013, CBS haikuonekana kwa mwezi mzima kwa wateja wa Time Warner Cable katika miji kadhaa, New York na Los Angeles ikiwamo. Septemba 2024, wateja wa DirecTV walikosa ESPN na vituo vya ABC vinavyomilikiwa na Disney kwa takriban wiki mbili. Kila mara upande mmoja ulidai kwamba umenyimwa haki, upande wa pili ukadai kwamba umetozwa kupita kiasi, na mapatano yakafikiwa faraghani.

Swali la kitenzi nalo lilirudi. Kampuni ya Aereo ilimpa kila mteja antena ndogo isiyozidi ukubwa wa sarafu, kisha ikampelekea matangazo ya vituo kwa intaneti. Ilidai kwamba mteja ndiye anayepokea, na yenyewe inamkodisha kifaa tu. Mnamo Juni 2014 Mahakama ya Juu iliikatalia kwa kura 6 dhidi ya 3. Miaka 46 baada ya shauri la Fortnightly, mahakama ileile ilikuwa bado inatafuta mpaka kati ya anayepokea na anayeonyesha.

Kenya: 2013 hadi 2015

Afrika Mashariki iliingia katika mgogoro huu kwa mlango mwingine, yaani kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Mapatano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya mwisho ya kulindwa kwa mawimbi ya televisheni ya analojia katika sehemu kubwa ya Afrika. Katika mfumo wa zamani kituo kilimiliki mnara wake na kumfikia mtazamaji moja kwa moja. Katika mfumo mpya kazi hizo mbili zilitenganishwa: mmoja hutengeneza maudhui, mwingine husambaza mawimbi. Nchini Kenya leseni za usambazaji zilipewa kwanza Signet, kampuni tanzu ya Shirika la Utangazaji la Kenya, kisha Pan African Network Group yenye asili ya China. Kampuni ya pamoja ya Nation Media Group na Royal Media Services ilishindwa katika zabuni.

Hivyo basi, wenye vituo waliozoea kujirushia matangazo yao waliambiwa kwamba sasa watabebwa. Wakati huohuo GOtv na StarTimes, zilizokuwa zikiuza ving'amuzi, ziliziweka Citizen, NTV na KTN miongoni mwa chaneli zao bila kuwa na mkataba nao. Kampuni hizo zilitegemea kanuni za utangazaji za mwaka 2009, zilizoiwezesha mamlaka kumtaka mwenye leseni ya televisheni ya kulipia abebe idadi fulani ya chaneli za Kenya. Wenye vituo walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliyatupilia mbali madai yao Desemba 2013. Machi 28, 2014, Mahakama ya Rufaa iliwapa ushindi, ikiona kwamba kuchukuliwa kwa matangazo yao bila ridhaa kulikiuka haki zao za ubunifu. Septemba 29, 2014, Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo na kukubali kwamba kubeba kwa mujibu wa sharti, kwa manufaa ya umma, hakukuwa ukiukaji. Pamoja na hayo, iliitaka mamlaka iyazingatie upya maombi ya wenye vituo kuhusu leseni ya usambazaji.

Yafaa kutazama kwa makini jinsi mahakama hizo mbili zilivyotofautiana. Vyombo vya shauri vilikuwa vilevile, yaani kisanduku, ungo, waya na picha. Mahakama ya Rufaa iliona urushaji upya. Mahakama ya Juu iliona ubebaji. Hukumu zote ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini msomaji wa Kiswahili akizisoma pamoja anaweza kuueleza mvutano wao kwa vitenzi viwili tu.

Hukumu haikuleta amani. Februari 14, 2015, mamlaka ya mawasiliano ilizima mitambo ya analojia ya vituo hivyo, navyo vikakataa kusambazwa na kampuni ambazo havikuziamini. Kwa karibu majuma matatu Citizen, NTV na KTN hazikuonekana. Vilirejea mapema Machi kupitia mtandao wao wenyewe wa usambazaji, Africa Digital Network. Kwa lugha, kipindi hicho hakikuwa kidogo. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni katika vituo hivyo ilikuwa miongoni mwa mabaraza makubwa ya Kiswahili sanifu nchini Kenya, nchi ambayo katiba yake ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Baraza hilo lilifungwa kwa sababu ya ugomvi kuhusu nani ambebe nani.

Tanzania: 2012 hadi 2018

Tanzania ilitangulia. Dar es Salaam ilizima analojia Desemba 31, 2012, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Leseni za kujenga miundombinu ya mnara zilikwenda kwa makampuni matatu: Star Media, ambamo Shirika la Utangazaji Tanzania lilikuwa mbia, Agape Associates, na Basic Transmissions. Mfumo huo ulijengwa juu ya ahadi moja kwa mwananchi: akishanunua king'amuzi, chaneli za nchini zisizo za kulipia atazipata hata asipolipia mwezi.

Kampuni za setilaiti, yaani DStv, Zuku na Azam iliyoanza mwishoni mwa 2013, hazikuwa na leseni ya aina hiyo. Hata hivyo zilibeba ITV, Star TV, Channel Ten, Clouds na nyinginezo, kwa kuwa mteja asingenunua ungo usiokuwa na habari za kwao. Kasoro ilijitokeza kifurushi kilipokwisha: chaneli hizo zilizimika pamoja na zile za kulipia. Wananchi walilalamika, na kwa haki, kwamba walikuwa wakitozwa kwa kitu walichoambiwa ni cha bure. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliziamuru kampuni hizo kuziondoa chaneli hizo kwa kuwa leseni zao hazikuziruhusu kuzibeba, isipokuwa chaneli ya utangazaji wa umma.

Mpangilio huu unatofautiana na wa Marekani na hata wa Kenya. Huko, aliyekata picha alikuwa mmoja wa wagomvi, au mamlaka iliyogombana na wenye vituo. Hapa mamlaka ilikata ili kulinda maana ya neno bure. Lakini matokeo kwa mkazi wa kijiji ambacho mawimbi ya mnara hayakifikii yalikuwa magumu. Kwake ungo ulikuwa njia pekee. Alipolindwa asitozwe kwa ITV, aliikosa ITV yenyewe. Vituo navyo vilipoteza watazamaji, na pamoja nao thamani ya nafasi vinazowauzia wenye kutangaza bidhaa.

Maneno na uzito wake

Historia hii imeacha msamiati mkubwa katika Kiswahili, na maneno manne yanastahili kutazamwa.

La kwanza ni king'amuzi, pamoja na mwenzake kisimbuzi. Yote mawili ni majina ya vifaa yaliyoundwa kutokana na vitenzi, -ng'amua na -simbua. Sauti /z/ inayotokea mwishoni ni alama ya konsonanti /l/ ya kale iliyodondoka kati ya irabu, lakini ikabaki kwa sura ya /z/ mbele ya kiambishi -i. Ndivyo pia -amua inavyozaa mwamuzi, na -chukua ikazaa mchukuzi. Kisimbuzi hufumbua msimbo. Hilo ni elezo la kiufundi. King'amuzi hutambua kilichofichika. Hilo ni elezo la mtazamaji. Kwa vyovyote, majina yote mawili yanakifanya kifaa kuwa cha mpokeaji. Hakuna hata moja linalosema kwamba kisanduku kinarusha.

La pili ni tangazo. Katika Kiswahili neno hili ni maudhui yanayorushwa na kituo, na pia ni tangazo la biashara. Lugha nyingine huyatenga mambo haya mawili. Kiswahili huyaweka katika neno moja, na kwa hakika uchumi wa kituo kisicho cha kulipia umo humo. Kituo hutoa matangazo bure ili kiuze matangazo. Ndiyo maana hoja ya makampuni kwamba yanakinufaisha kituo kwa kukiongezea watazamaji haiwezi kupuuzwa. Lakini pia ndiyo maana kituo kinaudhika kikiona mwingine akiyauza mara ya pili yale ambayo chenyewe kimeyatoa bila bei.

La tatu ni bure. Neno hili lina maana mbili: pasipo malipo, na pasipo faida. Chaneli ya bure haikupata kuwa bila gharama kwa mtu yeyote. Mtazamaji alinunua runinga, akanunua kisanduku, akalipia umeme. Kituo kililipa watangazaji na waigizaji. Sheria zilizungumzia chaneli za bure kana kwamba neno hilo linaeleza sifa ya chaneli, wakati linaeleza uhusiano: ni bure kwa nani, kupitia chombo kipi, na hadi lini? Amri ya 2018 ilitegemea maswali hayo matatu, na mwananchi hakuwahi kuelezwa jibu kwa lugha yake kabla hajanunua ungo.

La nne ni kubeba. Neno hili liliingia kama tafsiri ya istilahi ya Kiingereza, likaja na taswira yake ya bandarini na sokoni. Hamali hulipwa na mwenye mzigo. Mchukuzi akiuza mzigo aliokabidhiwa, jina lake hubadilika na kuwa la aibu. Kwa taswira hiyo, kituo ndicho kingepaswa kuilipa kampuni. Huko Marekani, baada ya 1992, fedha zilikwenda upande wa pili, yaani mbebaji akamlipa mwenye mzigo, na hapo taswira ya uchukuzi haieleweki tena. Kinachonunuliwa si ubebaji, bali ni ridhaa ya kurusha upya.

Aidha, mbebaji mwenyewe amebadilika. Azam ilinunua haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara tangu 2013, na mwaka 2021 ikaingia mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. DStv ilianzisha chaneli za Maisha Magic zenye filamu na tamthilia za Kiswahili. Kampuni hizi sasa zina mizigo yao. Zinapobeba chaneli ya kituo jirani, zinabeba mzigo wa mshindani. Sharti la kubeba lililotungwa kwa ajili ya mchukuzi asiye na duka haliwezi kutumika vilevile kwa mchukuzi mwenye duka.

Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa uamuzi huo, sheria na kanuni za mawasiliano zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapaswa kuwa na sura ya Kiswahili, na mfasiri atakayefika kwenye vifungu vya utangazaji atakutana na kitenzi kilekile kilichozisumbua mahakama za Marekani tangu 1968 na za Kenya mwaka 2014. Akiandika kubeba, atakuwa ameipa kampuni hadhi ya mchukuzi. Akiandika kurusha upya, atakuwa ameitaka iombe ridhaa. Akiyachanganya, kama magazeti yalivyofanya kwa miaka mingi, atawaachia mawakili wa pande zote mbili silaha.

Yaelekea njia iliyo salama ni kuvitenga vitenzi hivyo na kumpa kila kimoja kazi yake. Kubeba kutumike pale tu ambapo chaneli inapitishwa nzima, bila kubadilishwa, kwa amri ya sheria, na bila mtazamaji kutozwa kwa ajili yake. Kurusha upya kutumike pale ambapo chaneli imewekwa ndani ya kifurushi kinachouzwa. Mpaka huo hautamaliza ugomvi wa bei, maana bei ni jambo la mapatano. Lakini utamwezesha mtazamaji kusoma sheria na kufahamu, kabla picha haijakatika, ni kwa ajili ya nini anatozwa na ni nani anayewajibika kwake. Wanafunzi wa isimu na wa tafsiri walio katika vyuo vya Afrika Mashariki ndio watakaoifanya kazi hiyo, na haifai kuachiwa wale wenye maslahi katika jibu.